Freti zimelika na gitaa linakwaruza: nichonge zilizopo au nibadilishe zote?

Solo wa Kijenge (Arusha)

Ndugu wapiga gitaa na mafundi, nawasalimu nyote.

Ninapiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa hapa Kijenge, na ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambayo haitarudi. Mwezi Machi mwaka huu nilinunua Dar es Salaam gitaa la umeme lililokwisha kutumika, lenye freti 22 (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), urefu wa uzi wa milimita 648 kutoka kizingiti cha kichwani hadi daraja linaloshika nyuzi mwilini mwa gitaa, na kibao cha vidole cha mti mweusi ambao muuzaji aliniambia ni mpingo. Nilipolifikisha Arusha lilikuwa likilia vizuri kila mahali, nyuzi zikiwa chini na laini kubonyeza, nami nikaamini nimepata chombo cha kudumu nacho.

Kufikia Agosti mambo yalikuwa yamebadilika. Nyuzi nene, wa 5 na wa 6, zinakwaruza nikizipiga wazi na nikibonyeza freti nne za kwanza. Nikibonyeza uzi wa 2 kwenye freti ya 8, sauti inayotoka ni ile ile ya freti ya 9, na uzi wa 1 hapo hapo unakufa mapema. Ncha za freti zimetokeza pembeni mwa shingo kiasi cha kunikwangua kiganja ninapoteremsha mkono haraka. Zaidi ya hayo, freti tatu za kwanza zina mabonde chini ya nyuzi nyembamba. Nadhani mabonde hayo yalikuwapo tangu siku ya kununua ila sikuyatilia maanani, na kwa kuwa kwaya yetu hupiga nyimbo nyingi kwa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za karibu na kizingiti, ndipo mkono wangu unapokaa muda mwingi.

Fundi mmoja wa hapa mjini alilishika kwa dakika chache, akaitazama shingo kwa jicho moja, kisha akasema freti zote zing'olewe na kuwekwa za stenlesi. Huenda ni kweli, lakini hakupima chochote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ninaomba kujua kama dalili hizi kweli zinadai freti mpya, na kama zinadai, ni madini gani na ukubwa gani unaomfaa mtu anayepiga kila wiki. Ningependa pia kujua namna ya kuzitunza ili nisirudi hapa mwakani na swali hili hili.

Fundi wa Pasua (Moshi)

Ndugu Solo, salaam. Umeeleza dalili zako vizuri kuliko wateja wengi wanaofika kwangu, na kwa maelezo hayo naona matatizo kadhaa yamekutana katika gitaa moja, kila moja na dawa yake. Usikubali ing'olewe freti hata moja kabla shingo haijapimwa.

Anza na hewa. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa huo, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni haba. Ubao hunywa unyevu na kuutoa, na unapoutoa husinyaa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, wakati chuma kilichopigiliwa ndani yake hakisinyai nao. Kwa hiyo freti zako hazikurefuka; kibao ndicho kilichopungua upana, zikabaki nje. Shingo nayo ikikauka huweza kubinuka nyuma, nyuzi zikakaribia freti za mwanzo, na nyuzi nene ndizo za kwanza kulalamika kwa sababu hutikisika kwa mapana zaidi.

Pima hivi. Gitaa likiwa limetuniwa kwa sauti unayopigia, bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya 17 kwa wakati mmoja, ili uzi uwe rula yako, kisha tazama nafasi kati ya uzi na kilele cha freti ya 7 au ya 8. Tumia fila geji, ile ile wanayotumia mafundi magari kupimia vali, inayopatikana katika maduka ya vipuri. Unatafuta nafasi kati ya milimita 0.15 na 0.30. Ukikuta uzi umelala juu ya freti bila nafasi yoyote, shingo imenyooka kupita kiasi au imebinuka nyuma, na dawa yake ni kulegeza trasirodi, yaani chuma kinachopita ndani ya shingo, kwa spana yake ya alenki, ukizungusha kinyume cha saa robo mzunguko tu. Liache gitaa mpaka kesho yake ndipo upime tena. Nimepokea shingo zilizopasuka kwa sababu mtu alizungusha mara tatu kwa mkupuo akitaka kuona matokeo papo hapo.

Tatizo la freti ya 8 ni jingine kabisa. Uzi ukibonyezwa kwenye 8 ukatoa sauti ya 9, maana yake freti ya 9 imesimama juu kuliko jirani zake, na mara nyingi imeinuka kutoka katika mfereji wake upande mmoja. Chukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka, kinachoweza kulalia freti tatu tu, ukiweke juu ya 8, 9 na 10. Kikiyumba kama meza yenye mguu mfupi, umempata mkosaji. Bonyeza ncha ya freti hiyo kwa kipande cha mti. Ikishuka na kurudi juu, haihitaji kubadilishwa, inahitaji kugongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki, kutiwa gundi nyepesi ya supa gluu, na kubanwa mpaka ikauke.

Yanabaki mabonde, na hapa lazima niseme jambo ambalo watu huliona dogo. Huwezi kuchonga freti tatu za kwanza peke yake ili kufuta mabonde yake, kwa sababu ukizishusha, freti ya 4 itabaki juu yake na uzi utaigonga kila ubonyezapo hizo tatu. Kuchonga ni kwa zote: shingo inanyooshwa kwanza, vilele vinapakwa wino wa maka peni, kisha chuma kilichonyooka chenye msasa wa namba 320 au 400 kinapitishwa kwa urefu wa shingo mpaka wino ufutike kila mahali. Baada ya hapo kila freti inarudishiwa mgongo wake wa mviringo kwa tupa maalumu yenye mfereji, kisha inasuguliwa kwa misasa laini zaidi, 600, 1000 hadi 2000. Fundi asiyerudisha mgongo amekuharibia kazi, kwa maana freti bapa huufanya uzi uegemee ukingo wa upande wa daraja badala ya kilele cha katikati, na sauti hupanda. Karibu na freti ya 12, ambako uzi uliobaki ni milimita 324 tu, kosa la milimita moja linasikika zaidi kuliko karibu na kizingiti.

Kwa hiyo nipe vipimo: kimo cha freti za 1 hadi 3 ndani ya mabonde, na kimo cha freti nzima, tuseme ya 5 na ya 12. Ukiniambia hayo nitakuambia kama kuna chuma cha kutosha kuchongwa.

Kuhusu mpingo, nashukuru kama ni kweli, ingawa sehemu kubwa ya mpingo mzuri huenda kutengenezea klarineti na obo. Hapa Moshi tunauheshimu mti huu. Ndipo marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, alipopanda miche yake na kuupigania, akiwa na James Harris, fundi wa mbao kutoka Marekani, katika mradi wa uhifadhi walioanzisha mwaka 1996. Mti mgumu namna hiyo hubanduka vipande freti inapong'olewa kwa haraka. Freti hupashwa moto kwanza kwa pasi ya solda, ndipo inanyanyuliwa kidogo kidogo kwa koleo lenye meno bapa. Mwulize fundi wako kama anafanya hivyo, na jibu lake litakutosha kumpima.

Mpiga hotelini (Sakina, Arusha)

Ndugu zangu, nakubaliana na fundi kuhusu kupima, lakini nisingependa stenlesi ionekane kama udanganyifu, kwa sababu mimi ninaipigia kazi. Napiga jioni nne au tano kwa wiki, saa tatu au nne kila jioni, na navuta nyuzi sana. Freti za kawaida zilikuwa zikinihitaji kuchongwa kila baada ya miaka miwili, na mara ya tatu hapakuwa na chuma cha kuchonga. Tangu niweke stenlesi sijaona bonde.

Freti za kawaida ni za mchanganyiko ambao Waingereza wameuita fedha ya nikeli, ingawa hauna fedha hata chembe: ni shaba, zinki na nikeli, kwa kawaida nikeli ikiwa asilimia 18. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers huwa karibu na 200, stenlesi karibu na 300, na katikati yake kuna freti za rangi ya dhahabu zinazoitwa EVO, zenye shaba, bati, chuma na titani, karibu na 250. Hizi za tatu ningempa mtu ambaye ngozi yake huwashwa na nikeli, kwa kuwa hazina nikeli ndani yake.

Gharama ya stenlesi haiko katika waya pekee. Inakula tupa na makoleo ya fundi, ni ngumu kukunjwa ifuate mviringo wa kibao, na isipokunjwa sawasawa ncha zake hujiinua baadaye. Ndugu Solo, kama fundi wako hana vifaa vya kazi hiyo, ni heri nikeli iliyowekwa vizuri.

Kuhusu ukubwa, nyembamba za mtindo wa zamani zina upana wa milimita 2 hivi na kimo cha 1.1, na zile pana huzidi milimita 2.7 kwa upana na kufika 1.4 au zaidi kwa kimo. Freti zenye kimo kikubwa hurahisisha kuvuta uzi kwa sababu kidole hakisugui ubao. Ila zinadai mkono mwepesi: mwenye mazoea ya kukandamiza mpaka uzi uguse kibao atasikia kodi zake zikipanda sauti, na kwenye kwaya yenye kinanda jambo hilo litasikika na kila mtu. Mimi mwenyewe nilichukua miezi miwili kuurekebisha mkono.

Mwalimu wa gitaa (Rau, Moshi)

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wengine. Ninafundisha watoto na vijana, na chini ya uangalizi wangu yapo magitaa tisa, sita ya nyuzi za nailoni na matatu ya nyuzi za chuma. Naomba nijibu sehemu ya utunzaji, kwa sababu naona wengi tunaikumbuka baada ya hasara.

Nyuzi za nailoni hazili freti kwa kiasi kile, isipokuwa zile tatu nene zilizosokotwa kwa waya. Za chuma hula, na hula zaidi zikiwa chafu au zimeshika kutu, maana uzi wenye kutu ni tupa juu ya freti. Ninawadai wanafunzi wangu waoshe mikono kabla ya kushika gitaa, na wakimaliza wapanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini yake. Katika vumbi letu la Septemba hilo ni la lazima. Kapo nayo, kile kibanio kinachofungwa shingoni kubana nyuzi zote, isikazwe kuliko inavyohitajika kuzuia mkwaruzo, na iondolewe nyimbo zikiisha, kwa sababu nimeona mabonde sita yaliyopangana sawasawa kwenye freti moja, kazi ya kapo iliyosahauliwa mahali pamoja kwa miezi.

Kwa kung'arisha, ninafunika ubao kwa masking tepu, freti tu zikabaki wazi, ndipo nasugua kwa msasa laini sana au kwa pamba ya chuma ya namba 0000. Stili waya ya kusugulia masufuria siyo hiyo. Ni nene, na inachora freti. Kwa gitaa la umeme kama la Ndugu Solo, funika pia pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, kwani zina sumaku na chembe za chuma zikiingia hazitoki kwa urahisi. Ubao ukionekana mkavu, paka tone la mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya vibao vya gitaa, ufute yote yanayobaki. Mafuta ya kupikia huoza na kuacha utando unaonata.

Sasa, Fundi, naomba tusielekee haraka kwenye tupa kwa ajili ya zile ncha. Ninaweka magitaa yangu ndani ya maboksi yake, pamoja na sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni nilichokitoboa matundu, na kipima unyevu kidogo kinachonionesha asilimia. Nikiushika unyevu kati ya 45 na 55, ncha nyingi zilizotokeza hurudi zenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Ningemshauri Ndugu Solo ajaribu hivyo kwanza, kwa sababu kilichokatwa kwa tupa hakirudi.

Solo wa Kijenge (Arusha)

Nawashukuru sana. Zimepita siku 19 tangu niwaandikie, nami nimefanya mliyoniambia hatua kwa hatua, kwa hiyo naleta vipimo.

Siku ya kwanza uzi ulikuwa umelala juu ya freti ya 7 bila nafasi hata ya jani jembamba kabisa la fila geji. Nililegeza trasirodi robo mzunguko, na baada ya siku mbili nafasi ikawa milimita 0.20. Mkwaruzo wa nyuzi nene umekwisha, na nakiri kwamba nilipousikia uzi wa 6 ukilia wazi na safi ibada ya Jumapili ile, nilifurahi kama siku niliyolinunua.

Kipande cha chuma kiliyumba juu ya freti ya 9 upande wa nyuzi nyembamba, kama Fundi alivyosema, na freti ilishuka nilipoibonyeza ikarudi juu nilipoiachia. Sijaigonga, naogopa kuharibu.

Nimeliweka gitaa ndani ya boksi na sponji kama Mwalimu alivyoelekeza, kipima unyevu kikisoma 48 hadi 52. Ncha zimerudi kwa kiasi kikubwa, ila nne za juu, kuanzia ya 19, bado zinakwangua.

Kwa venia kalipa nimepima: freti ya 5 ina kimo cha milimita 1.1, ya 12 ina 1.15, na ndani ya mabonde ya freti ya 1, 2 na 3 nimepata 0.8, 0.8 na 0.85. Upana wa zote ni milimita 2.7. Ninaomba hukumu yenu.

Fundi wa Pasua (Moshi)

Ndugu Solo, vipimo hivi vimenipa raha. Mwalimu, nimepokea ulichosema kuhusu ncha, na hizo nne zilizobaki baada ya unyevu kurudi ndizo halali ya tupa.

Sasa tazama hesabu. Nikizichonga freti zote mpaka mabonde yaishe, nitazishusha zote 22 hadi 0.8 kwa sababu ya tatu tu, yaani nitapoteza milimita 0.3 hivi ya chuma kizima katika freti 19 ambazo hazina mabonde. Zitapigika, lakini zitakuwa zimekaribia mwisho wa maisha yake, na mkono wako utaanza kugusa ubao unapovuta uzi. Ninachokushauri ni kuzibadilisha hizo tatu peke yake, kwa waya wa nikeli wenye upana ule ule wa 2.7 na kimo cha 1.2 au zaidi kidogo, kisha tuzishushe zilingane na ya 4. Stenlesi haifai hapa, kwa kuwa baada ya miaka michache zingebaki zimesimama wakati jirani zake zimelika, na freti zisingelingana tena.

Nitapima pia upana wa mifereji kabla ya kuagiza waya. Mara nyingi ni karibu milimita 0.58, na mzizi wa waya mpya, ile sehemu inayozama ubaoni, ukiwa mnene kuliko mfereji, kila freti inayoingia hufanya kazi ya kabari na kuisukuma shingo nyuma. Kwa freti tatu athari si kubwa kama ingekuwa kwa 22, lakini shingo yako imekwisha kutuonesha kwamba inabinuka. Ya 9 tutaitia gundi siku hiyo hiyo.

Ukija Moshi, njoo nalo likiwa na nyuzi zake na limetuniwa, ndani ya boksi pamoja na sponji, ili niione shingo ikiwa chini ya mvuto ule ule unaopigia. Beba na seti mpya ya nyuzi za unene huo huo, maana hizo za sasa zimekwisha kujichimbia njia katika mabonde ya zamani, na sitazirudisha juu ya freti mpya.